Dola 150 na sebule ya mbao: ninunue bafle gani?

"Papa fundi, salamu. Niko Goma, Majengo, katika nyumba ya mbao. Salo letu ni mita 4 kwa 3 na nusu, na tuna televisheni ya inchi 43. Filamu ikianza, maneno hatuyasikii, tunaongeza sauti. Ghafla mabomu yanalipuka, mtoto anaamka analia, na jirani anagonga ukuta. Baba yangu mzee anakaa nasi, yeye ndiye hasikii neno hata moja. Nimeweka kando dola 150. Kwenye maduka ya Birere nimeona vitu vitatu. Kwanza, homu sinema mpya ya bafle (spika) tano na sabufa, dola 140, kwenye katoni wameandika wati 8000, lakini kibandiko cha nyuma kinasema 220V, 65W. Nyuma yake kuna matundu mawili ya RCA, nyekundu na nyeupe, na USB na Bluetooth. Pili, saundiba yenye HDMI, dola 110. Tatu, ampli ya okazo, yaani iliyokwisha tumika, dola 65 pamoja na bafle mbili za mbao za dola 55. Muuzaji anasema imetoka Japani na haina shida. Mama watoto anataka saundiba kwa sababu haina nyaya. Mimi macho yangu yako kwenye zile bafle tano. Nichukue ipi?"

Ndugu yangu, asante kwa kuniletea swali lenye vipimo. Wengi huniandikia "nataka sauti ya sinema" bila kusema chumba kina ukubwa gani wala mfukoni kuna kiasi gani. Wewe umeandika vyote, hata kibandiko cha nyuma umekisoma, na kibandiko hicho kitatusaidia sana hapa chini.

Shida yako umeitaja mwenyewe mwanzoni, kisha ukaisahau ulipofika dukani: hamsikii maneno. Hukulalamika kwamba besi haitoshi, wala kwamba helikopta haipiti nyuma ya kochi. Basi hizo dola 150 zina kazi moja, kununua maneno. Mengine yatafuata pesa ikipatikana.

Kabla hujatoa hata dola moja, elewa kwa nini televisheni inawatesa. Televisheni za siku hizi ni nyembamba, na vispika vyake vidogo hutazama chini au nyuma. Sauti inagonga ukuta au meza kwanza, ndipo inawafikia. Neno linatambulika kwa herufi kama s, t, k, f na ch, na hizo nguvu yake, ambayo ni ndogo, iko kwenye sauti za juu, kama kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 2000 na 4000 na kupanda zaidi. Hizo ndizo za kwanza kupotea spika ikitazama mahali pasipo na watu. Simu za zamani zilipitisha hezi 300 hadi 3400 tu, na watu walielewana vizuri kabisa. Kwa hiyo besi kubwa haitakuongezea neno hata moja. Mara nyingi italifunika.

Pili, filamu kubwa hutengenezwa kwa ajili ya ukumbi wa sinema, na tofauti kati ya mnong'ono na bomu huachwa kubwa makusudi. Katika mfumo wa 5.1, yaani chaneli tano na ile ya besi, mazungumzo mengi huwekwa kwenye chaneli ya katikati. Televisheni yenye spika mbili inabidi iichukue hiyo ya katikati na kuigawa kushoto na kulia. Ikiwa imepangwa vibaya, muziki na milipuko vinasikika na mazungumzo yanazama.

Kwa hiyo leo jioni ingia kwenye menyu ya sauti. Ikiwa iko kwa Kifaransa, tafuta "Mode nuit" au "Voix claire", uwashe. Hali ya usiku inapunguza milipuko na kuinua minong'ono. Pale panapoandikwa sauti inatokaje, chagua PCM (sauti ya kawaida isiyofungwa) au sterio. Kama unacheza filamu kutoka kle USB na faili lina njia za sauti zaidi ya moja, chagua ile ya sterio. Nimeona familia zikipona kwa hatua hizi peke yake. Ninyi huenda msipone kabisa, lakini mtoto atalala.

Sasa tuje kwenye wati 8000. Namba ile ya katoni haina kipimo chochote nyuma yake. Huitwa PMPO, na kila kiwanda huihesabu kinavyopenda. Kule Marekani serikali ilitoa kanuni mwaka 1974 ya jinsi ya kutangaza nguvu ya ampli, kwa sababu matangazo yalikuwa yamevuka mpaka. Katoni zinazofika kwetu hazina mtu wa kuziuliza. Wewe shika kibandiko cha nyuma: 65W. Hicho ndicho kiasi ambacho kifaa kinavuta kwenye umeme, na hakiwezi kuendelea kutoa zaidi ya kile kinachovuta. Bidoni ya lita 20 haijazi pipa. Toa joto linalopotea, zinabaki kama wati 40 hadi 50. Gawa kwa bafle sita: wati saba, nane kila moja.

Usisikitike, wati nane si haba. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Ukizidisha nguvu mara mbili, unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, mabadiliko ambayo sikio linayatambua lakini halishangai. Ili sauti ionekane kama imekuwa kubwa maradufu, unahitaji nguvu mara kumi. Ndiyo maana namba inayofaa kuangaliwa kwenye bafle ni usikivu wake: inatoa desibeli ngapi kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Bafle ya desibeli 90 inaishinda ya 84 kwa desibeli 6, sawa na kuizidishia ampli nguvu mara nne bure. Chukua bafle ya kawaida ya 87, ipe wati 10 za kweli: unapata desibeli 97 ukiwa mita moja, na pale kwenye kochi, mita mbili na nusu, karibu 89 au zaidi kidogo. Hiyo tayari ni kelele ya kumfanya jirani agonge tena. Kwa salo la mita 4, wati 20 za kweli kila upande zinakutosha na kubaki.

Sasa zile bafle tano unazozitamani. Nyuma yake kuna matundu mawili tu, nyekundu na nyeupe. Matundu hayo hupitisha kushoto na kulia, basi. Hakuna njia ya chaneli tano kuingia kwenye mashine ile. Inachofanya ni kurudia sauti ileile kwenye bafle za nyuma, na ile ya katikati inapewa mchanganyiko wa pande zote mbili. 5.1 ya kweli inataka tundu la HDMI lenye ARC (njia ya televisheni kurudisha sauti kwenye mashine) au la optiki (kebo ya mwanga), pamoja na mashine inayojua kufungua Dolby Digital au DTS, yaani sauti ya chaneli nyingi iliyofungwa pamoja. Hapo ungenunua masanduku sita na kusikiliza sterio.

Hata ingekuwa na matundu hayo, jiulize mnatazama nini. Filamu zilizotafsiriwa, zile ambazo dijei anaongea juu ya picha, chaneli zake zilishakunjwa zikawa mbili au moja siku aliporekodi sauti yake. Mpira kutoka kwenye dekoda iliyounganishwa kwa RCA ni sterio. Kwaya na muziki ni sterio. Ukihesabu saa za wiki nzima, zile bafle mbili za nyuma zitakuwa pambo la ukutani.

Kuna jambo moja zaidi ambalo halionekani dukani. Bafle ndogo zenye koni ya sentimita 7 au 8 haziwezi kushuka chini vizuri. Kiwanda kinaiachia sabufa kazi yote ya chini, mpaka hezi 150 au 200. Lakini sauti ya mwanamume huanzia karibu hezi 85 hadi 180. Kwa hiyo nusu ya kifua cha mwigizaji inatoka kwenye sanduku lililo pembeni chini, na midomo iko kwenye picha. Sikio linaanza kutambua mahali sauti inapotoka ikivuka hezi mia na kitu hivi. Ndiyo sababu mashine hizi husikika kama mtu anaongea akiwa ndani ya kabati. Hii ya dola 140, iache palepale Birere.

Saundiba ya mama watoto si wazo baya, na usimcheke. Inatazama mbele, iko chini ya picha, HDMI moja inatosha na rimoti moja inaendesha yote. Kwa nyumba yenye mtoto anayetambaa, kukosa nyaya ni faida ya kweli. Kasoro zake ni mbili. Ile hadithi ya "sauti inayowazunguka" kwa kawaida hutegemea kuta za kurudisha sauti, na kuta za mbao zilizofunikwa pazia hazirudishi sana. Pili, ikiharibika, ndani kuna kadi (bodi ya elektroniki) moja ya pekee. Fundi wetu wa mtaani anayebadilisha transista za ampli akiwa amefumba macho, hiyo kadi ataikuta haiuzwi popote. Ukiichagua, hakikisha tundu la HDMI limeandikwa ARC na televisheni yako ina tundu lenye ARC pia. HDMI isiyo na neno hilo inaweza isikuletee sauti ya televisheni kabisa. Kisha isikilize dukani kwa sauti ya mtu anayesoma habari, usiisikilize kwa wimbo.

Mimi ningechukua ya tatu, ampli na bafle mbili, kwa sharti kwamba zipite mtihani. Bafle mbili za mbao zenye wufa (spika ya sauti nene) ya sentimita 13 hadi 16 na twita (ndogo ya sauti za juu) juu yake zinatoa sauti ya mtu nzima, kifua na herufi pamoja, kutoka mahali pamoja. Ukikaa katikati, sikio linajenga mwigizaji katikati ya picha hata kama hapo hakuna bafle. Ukweli lazima niuseme: anayekaa pembeni sana atasikia maneno yakivutwa upande wa bafle iliyo karibu naye. Dawa yake ni kuzigeuza bafle zitazame ndani kidogo, ili mistari ya mahali zinapotazama ikutane mbele ya kochi. Kwa hiyo yule wa kushoto anakuwa usoni pa bafle ya kulia. Haimalizi tatizo, inalipunguza.

Sasa mtihani. "Imetoka Japani, haina shida" ni maneno ya kukutia wasiwasi, yasikutulize. Umeme wa Japani ni volti 100. Geuza ampli usome nyuma: ikiandikwa 100V peke yake, ukiichomeka kwenye 220 itatoa moshi kabla hujaisikia. Ya Marekani huandikwa 120V, na nayo ni hivyohivyo. Utahitaji transfoma ya kushusha umeme, na bei yake inaila faida yote. Tafuta iliyoandikwa 220-240V, au yenye swichi ya kuchagua volti, na uhakikishe swichi hiyo imewekwa sawa.

Kisha bafle. Vua kitambaa cha mbele. Angalia ule ukingo laini unaoishika koni: ukiwa wa sponji na umri umekwenda, unavunjika kama makapi ukiugusa. Ukingo hubadilishwa, lakini mwambie muuzaji apunguze bei. Sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, pande zote sawasawa. Ikikwaruza ndani, koili imeungua au imehama mahali pake, rudisha. Ukiwa na mita ya fundi, bafle iliyoandikwa omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) husoma kama 6 hivi, na ya omu 4 kama 3 na kitu. Isiposoma kitu, imekatika. Linganisha na kile ampli inachoruhusu, na kamwe usiunganishe bafle mbili za omu 4 kwenye tundu moja sambamba, kwa kuwa zitakuwa omu 2 na ampli itapika.

Iwashe na uiache nusu saa. Zungusha kitufe cha sauti polepole: kukwaruza kidogo ni vumbi, husafishwa. Peleka balansi kushoto, kisha kulia, ujue kila upande unaongea wenyewe. Muuzaji atataka kukuwekea ndombolo kwa sauti ya juu ili usisikie chochote kibaya. Mwambie apunguze, toa simu yako, weka mtu anayeongea. Ukiwa umesimama mita tatu, kama unapata kila neno kwa sauti ndogo, umepata bafle.

Dola 120 zimekwenda, 30 zimebaki. Nunua waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, mita kumi zinatosha. Kuna waya wa bei ya chini ambao ni alumini iliyopakwa shaba; kwangua kidogo kwa kisu, ukiona nyeupe ndani, rudisha. Nyekundu iende kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Ukigeuza upande mmoja, koni moja inakwenda mbele nyingine inarudi nyuma, besi inakufa na sauti ya katikati inatawanyika. Kama bafle haina alama, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwa sekunde moja: koni ikiruka nje, pale penye chanya cha betri ndipo pekundu.

Kutoka televisheni kwenda ampli, televisheni nyingi mpya hazina tena RCA ya kutoa sauti. Zikiwa na tundu la hedifoni, kebo moja yenye kichwa hicho upande huu na RCA mbili upande ule inamaliza kazi. Zisipokuwa nalo, nunua kigeuzi kidogo cha optiki, na hapo lazima televisheni iwe kwenye PCM, la sivyo utapata kimya au kelele za ajabu.

Tuje kwenye nyumba, maana nusu ya sauti ni chumba. Watu wa nyumba za mbao hudhani wanaonewa, kumbe wana bahati yao. Katika nyumba ya dirable, kuta za bloku hazitikisiki, besi inagonga na kurudi, na chumba cha mita 4 hupenda kuvimba karibu na hezi 43 na kuguguma hapo kama ngoma. Kuta zako za mbao zinaiachia besi hiyo itoke. Ndani kwako panakuwa pasafi, na maneno yanasikika vizuri. Lakini ile iliyotoka imekwenda kwa jirani. Anachokisikia yeye si mazungumzo, ni mdundo mtupu, na huo ndio unaomwudhi. Ukuta mwepesi huzuia sauti za juu kiasi fulani, ila za chini unazipitisha. Kinachozizuia ni uzito, na mbao hazina uzito. Makasha ya mayai ukutani hayatamsaidia jirani hata kidogo. Kinachosaidia ni kupunguza besi kwenye ampli usiku, kuzitoa bafle kwenye kona, kuziacha sentimita 30 kutoka ukutani, na kuziweka juu ya stuli nzito badala ya kuzitundika kwenye mbao. Hiyo ndiyo sababu nyingine ninakushauri usikimbilie sabufa Majengo. Twita iwe usawa wa sikio la mtu aliyeketi, na umbali kati ya bafle mbili ukaribie umbali wa kutoka bafle hadi kochi.

Mvua ikishika mabati, hakuna bafle ya bei yoyote itakayoshinda. Washa maandishi ya chini.

Umeme ukikatika, zima ampli. Ukirudi, ngoja dakika chache kabla ya kuiwasha, kwa kuwa dakika za kwanza ndizo zenye kuruka-ruka. Regilateri ya kusawazisha umeme ya VA 500 inatosha televisheni na ampli ya ukubwa huu. Usiuziwe kubwa bila sababu. Lakini regilateri haizuii radi, na huku kwetu mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa radi nyingi zaidi duniani. Ikinguruma karibu, chomoa plagi pamoja na kebo ya antena au ya dishi. Ukitumia betri na konvatisa (mashine ya kugeuza umeme wa betri) ya bei nafuu, transfoma ya ampli inaweza kulia mmmm. Mlio huo unatokana na umbo la umeme wenyewe, bafle hazina kosa.

Ukigusa chuma cha ampli na mkono ukashtuka, au ukisikia harufu ya kuungua, usijaribu chochote: chomoa na umwite fundi wa umeme aje nyumbani akaone waya wa ardhi, si fundi wa redio wa kuongea naye kwa simu. Na usifungue ampli mwenyewe hata ikiwa imechomolewa, kapasita zake kubwa hushika umeme kwa muda.

Mwisho ni baba. Umesema yeye hasikii neno hata moja. Umri huanza kuchukua sauti za juu, zilezile za s, t na f, kwa hiyo mzee anasikia kwamba mtu anaongea lakini hajui anasema nini. Kuongeza sauti hakumsaidii yeye sana na kunawaumiza ninyi. Mwekee kiti cha katikati, karibu na bafle, na uongeze sauti za juu kidogo kwenye ampli. Kama hata mezani mnapoongea naye anauliza "unasema?", au sikio moja linapiga kelele ndani, au usikivu wake umeshuka ghafla, mpeleke kwa daktari wa ORL (masikio, pua na koo) kabla hujarudi Birere. Pengine ni nta tu iliyoziba, na hiyo huondolewa siku hiyohiyo. Ikiwa ni zaidi ya hapo, basi zile dola 30 zina kazi ya maana kuliko waya, na mtazame filamu kwa maandishi ya chini kwanza.